Tathmini: Comrades Marathon kwa anayevuka kilomita 42 kwa mara ya kwanza

Mkimbiaji aliyekwisha kumaliza marathoni kadhaa na sasa anatafuta ultramarathoni (mbio ndefu kuliko marathoni) ya kwanza hupewa ushauri wa kuanza na kilomita 50. Ushauri huo ni mzuri, lakini baada ya kukimbia Comrades ya Afrika Kusini katika mwaka wa kupanda, yaani wa kutoka Durban iliyo pwani kwenda Pietermaritzburg, naona mashindano haya yanamfaa mgeni kuliko mengi yaliyo mafupi, ijapokuwa njia yake ya lami baina ya Durban na Pietermaritzburg inakaribia kilomita 90.

Sababu ya kwanza ni muda. Tangu 2003 washiriki hupewa saa 12, kwa hiyo anayekwenda kwa wastani wa dakika 7 na nusu kwa kilomita, kutembea kukiwemo, anamaliza na kubakiwa na akiba. Sababu ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kile ambacho wenyeji hukiita basi: kundi la wakimbiaji linaloongozwa na mzoefu aliyeshika bendera yenye muda anaokusudia kumaliza, ambaye huamua lini kundi litembee na lini likimbie, huku watu wakiimba na kuitikia. Mgeni huharibikiwa kwa kuanza kwa kasi. Akiingia ndani ya basi, uamuzi huo unaondolewa mikononi mwake. Vic Clapham alipoyaanzisha mashindano haya mwaka 1921, alikusudia yawe kumbukumbu ya askari wenzake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na ule moyo wa kutomwacha mwenzako nimeukuta barabarani ukiwa hai kabisa.

Mwelekeo wa njia kwa kawaida hubadilika kila mwaka, na hapa ndipo natofautiana na wanaomshauri mgeni asubiri mwaka wa kushuka. Mteremko ni mtamu mapema, lakini kilima cha Fields Hill, kinachoshuka kwa kilomita kadhaa hadi Pinetown, hukutwa baada ya nusu ya safari, wakati misuli ya mapaja imekwisha kuchoka na kila hatua inaigonga. Katika mwaka wa kupanda, vilima vya Cowies Hill, Fields Hill na Botha's Hill humalizwa mtu akiwa na nguvu. Baada ya Drummond, palipo katikati ya njia, huja kilima cha Inchanga, na kile cha Polly Shortts hungoja karibu na mwisho. Polly Shortts ni kali, ila hakuna aibu kuipanda kwa kutembea, na karibu kila mtu hufanya hivyo.

Huduma njiani ni ya kuridhisha sana. Vituo ni zaidi ya 40, na maji hutolewa katika vipakiti vya plastiki ambavyo mtu hung'ata pembeni na kunywa akiwa anakimbia, jambo linalorahisisha kubeba kimoja mkononi hadi kituo kinachofuata. Kuna pia viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, ndizi, machungwa na soda. Vipakiti vilivyotupwa huteleza, kwa hiyo ni vyema kupita katikati ya barabara. Jina lako huandikwa kwenye namba ya kifuani, na watu wanaochoma nyama kando ya njia hukuita kwalo kana kwamba ni jirani zako. Karibu na Inchanga wanafunzi wa shule ya Ethembeni, wenye ulemavu, hujipanga na kunyoosha mikono; tafadhali punguza mwendo uwaguse.

Alfajiri, kabla ya bunduki ya kuanzia, huimbwa wimbo wa taifa la Afrika Kusini, na Mtanzania atatambua mara moja sauti ya "Mungu ibariki Afrika".

Ninachokiona kizito ni gharama na masharti. Mkimbiaji wa nchi nyingine za Afrika hutozwa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, ingawa ni nafuu kuliko cha anayetoka mabara mengine, na nauli na malazi huongezeka juu yake. Lazima pia uwe umemaliza marathoni inayotambuliwa ndani ya muda uliowekwa, ambao katika miaka ya karibuni umekuwa saa 4 na dakika 50. Tena kikomo hakina huruma: saa 12 zikitimia, ofisa huupa mgongo mstari wa kumalizia na kufyatua bunduki, na aliyebakiza hatua mbili hapati medali. Naliunga mkono sharti hilo, kwa sababu bila hilo medali ndogo ya Vic Clapham, wanayopewa wanaomaliza kati ya saa 11 na 12, isingekuwa na uzito ilio nao.

Anayeweza kumudu safari mbili aanze na mwaka wa kupanda, kisha arudi mwaka unaofuata: wanaokamilisha mbio zao mbili za kwanza mfululizo hupewa medali ya ziada ya Back-to-Back.