Jioni za Ova 20 katika Mkahawa wa Makadara

Mikahawa mingi ya Mombasa huonyesha soka ya Uingereza, na mpenzi wa kriketi huachwa ainamie simu yake. Mkahawa mdogo wa Makadara ninaoutathmini hapa umefuata njia nyingine: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwisho wa Mei, msimu wa Ligi Kuu ya India, runinga yake kubwa ni ya kriketi kila jioni, na jiko lake hufuata mwendo wa mchezo.

Ubora wa huduma hii umo katika namna inavyoutumia wakati. Mechi ya usiku huko India huanza saa moja na nusu, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa timu inayotangulia kupiga hupewa ova 20 tu (ova moja ni mipira sita inayorushwa), yaani mipira 120 ukiacha isiyo halali, adhana ya Magharibi huingia zamu hiyo ikiwa inakaribia kwisha. Mwenye mkahawa amelizingatia hilo kwa adabu inayostahili kusifiwa: runinga hunyamazishwa adhana inapoanza, wanaokwenda kuswali huwekewa nafasi zao, na wanaporudi zamu ya pili huwa imeanza tu au haijaanza. Kufikia saa tatu usiku, au baada yake kidogo, mshindi amejulikana. Waingereza walipoanzisha mashindano ya ova 20 baina ya kaunti zao mwaka 2003, walimlenga mtu anayetoka kazini na kutaka mchezo utakaomalizika jioni ile ile, na mpango huo umemfaa vilevile karani wa bandari na mwenye duka wa Mtaa wa Biashara, ambao hawangeweza kukaa siku nzima kutazama mechi ya ova 50, sembuse ile ya siku 5.

Viazi karai hukaangwa wakati wa mapumziko, si kabla, hivyo hufika mezani vikiwa moto, pamoja na ukwaju wenye pilipili ya kutosha. Chai ya maziwa ina iliki ya kweli. Mishkaki ni mikavu, na sioni sababu ya kuiagiza.

Zaidi ya chakula, mkahawa huu una wazee. Wapo waliokuwa wakicheza katika viwanja vya Mombasa Sports Club na Jaffery, na kuwasikiliza wakibishana kuhusu uteuzi wa mrushaji ni elimu isiyopatikana kwa watangazaji. Wanaikumbuka Kenya ya nahodha Steve Tikolo iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na hawajasahau kwamba katika Kombe la Dunia la kwanza la ova 20, huko Afrika Kusini mwaka 2007, Sri Lanka ilitufunga mikimbio 260, yaani pointi zinazohesabiwa katika kriketi. Tangu hapo mchezo huu mfupi umeenea mbali. Baraza la kriketi la dunia limezipa hadhi ya kimataifa mechi za ova 20 za wanachama wake wote. Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024 lilikuwa na timu 20, Uganda ikiwemo kwa mara ya kwanza, na Marekani, iliyokuwa mwenyeji pamoja na West Indies, iliishinda Pakistan huko Texas kwa ova ya ziada baada ya kutoka sare. Mwaka 2028 kriketi itarudi katika Olimpiki huko Los Angeles, ambako haijaonekana tangu Paris mwaka 1900, na itarudi kwa sura hii ya ova 20.

Hapo ndipo kasoro kubwa ya mkahawa ilipo, nami naisema kwa kuwa naupenda. Zimbabwe ilipofunga mikimbio 344 dhidi ya Gambia mjini Nairobi mnamo Oktoba 2024, kiasi ambacho hakuna timu ya taifa ya wanaume iliyokuwa imewahi kukifikia katika mechi ya ova 20, runinga ya Makadara ilikuwa ikirudia mechi za zamani za India. Mechi za Kenya na Uganda hazionyeshwi. Za wanawake hazionyeshwi pia, ingawa wanawake wa Uingereza na New Zealand walicheza mechi ya kimataifa ya ova 20 mwaka 2004, kabla ya wanaume, ambao walianza Februari 2005. Mkahawa unaojitambulisha kwa kriketi hauwezi kuuona mchezo huu kuwa mali ya nchi moja, hata kama ligi ya nchi hiyo ndiyo tajiri kuliko zote.

Nilipomweleza mwenye mkahawa jambo hili alinisikiliza vizuri, akasema kwamba runinga ndogo iliyo karibu na kaunta inaweza kuunganishwa na intaneti kwa ajili ya mechi za Afrika, mradi wateja waziombe. Basi wanaokwenda huko waziombe, na siku za mechi za mwisho za ligi wafike kabla ya saa kumi na nusu, kwa kuwa baada ya hapo viti vinavyobaki ni vile vya nyuma ya nguzo.