Waya wa umeme na faiba kwa nyumba mpya: nini kwanza, nini ukiache dukani

Nyumba ikishaezekwa, pesa huwa imekauka. Hapo ndipo fundi umeme anapoleta orodha yake, na mwenye nyumba anaanza kupunguza: rola tatu ziwe mbili, ya bei hii ibadilishwe na ya bei ile. Kama ni lazima upunguze, punguza taa za urembo na swichi za kumeremeta. Hizo utabadilisha hata mwakani. Cha kuogopa ni kile kitakachofukiwa ukutani, na ndiyo maana orodha yangu haianzi na waya.

Namba moja: bomba. Mabomba ya plastiki ya mm 20 yanatosha sehemu nyingi. Weka ya mm 25 panapopita nyaya nyingi. Waya ukiungua ndani ya bomba unavutwa na kuingizwa mwingine. Waya uliopigwa plasta bila bomba unaitiwa nyundo na tindo. Ongeza bomba moja tupu la mm 25 kutoka ukuta wa nje, upande wa nguzo, mpaka pale ruta itakapokaa, na uache kamba ya nailoni ndani yake. Faiba, ule waya wa kioo wa intaneti, haijafika mtaani kwenu? Siku ikifika bila bomba hilo, itaingilia dirishani. Kwenye kona, fundi akunje bomba taratibu kwa springi, asiunge kona kali. Na hapo pa ruta pawe na soketi. Ajabu watu wangapi hulisahau hili.

Namba mbili: waya wa shaba halisi wenye gamba la plastiki, mmoja mmoja, ndani ya bomba. Mm² 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko la umeme na shawa ya maji moto. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampia 24, kwa hiyo anayekuambia "2.5 inatosha, bosi" anakuokolea pesa leo tu.

Dukani Kariakoo kila rola ni "orijino". Nembo ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, itazame, lakini nembo huchapishwa hata na mwizi. Mizani haidanganywi kirahisi hivyo. Shaba peke yake kwenye mita 100 za mm² 2.5 ina zaidi kidogo ya kilo 2.2, kabla hujahesabu plastiki. Ya 1.5 ni kilo 1.3 na ushee. Nilipokwenda na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, muuzaji mmoja alicheka. Rola ya 2.5 ilipokataa kufika kilo mbili, aliacha kucheka, akasema imebaki ya mita 90. Hata mita 90 zingekuwa na kilo mbili za shaba tupu.

Namba tatu: twini, ule waya bapa wenye nyaya zote ndani ya gamba moja. Kwa nyumba ya zamani ambayo hutaki kuichimba, unabanwa juu ya ukuta kwa klipu na hauna ubaya. Kwa nyumba mpya sioni sababu ya kuufukia.

Usinunue hata kwa bure: alumini iliyopakwa shaba. Kwarua ncha kwa wembe. Ukiona weupe, rudisha. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unapata joto zaidi, na kwenye skrubu za soketi hulegea polepole. Moto wa nyumba hupenda kuanzia hapo.

Breka inalinda waya, hailindi friji. Waya wa 1.5 upewe breka ya ampia 10, wa 2.5 unaoishia soketi ya mwisho, bila kuzunguka kurudi kwenye breka, upewe ya 20. Breka ikianguka kila mara, fundi atakayekuwekea kubwa zaidi bila kugusa waya mfukuze. Usikose RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja, na ethi (waya wa ardhini) iliyopimwa, na kazi ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kwa intaneti ya ndani mpangilio wangu huwashangaza watu. Waya wa mtandao aina ya Cat6 ya shaba tupu kwanza, sawa. Lakini Cat5e ya shaba tupu naiweka juu ya Cat6 ya alumini, maana Cat5e halisi inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba nyingi hazihitaji zaidi. Ipitishe bomba lake, mbali na la umeme. Faiba binafsi inunue ukiwa na nyumba ya pili uani: kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga haisafiri kutoka jengo moja hadi jingine kama kwenye shaba. Chagua isiyo na uzi wa chuma, maana faiba nyingi za kutoka nguzoni zina chuma cha kuzibeba, na hicho kinapitisha umeme vizuri tu.

Soma aina iliyoandikwa kwenye gamba la faiba. G.657.A2 inavumilia mkunjo wa nusu kipenyo cha mm 7.5, G.652.D inataka mm 30, haifai kona za ndani. Kichwa cha faiba cha kijani kiingie kwenye tundu la kijani, usikilazimishe kwenye la bluu. Usichungulie ncha hata kama huoni mwanga, kwa kuwa mwanga wake hauonekani kwa jicho. Vipande vya kioo vinavyobaki sakafuni viokotwe kwa selotepu kabla watoto hawajaingia.

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umeegemeza futi ya kupimia, uzitume kwa mwenzi wako pia. Siku ya kutundika kabati la jikoni utazitafuta.