Huduma ya michezo wodi ya watoto hapa Mbeya: nyota nne, na ya tano naidai

Naandika hii kwa wazazi wa Mbeya na huku Nyanda za Juu Kusini kwa ujumla, maana watu tukiulizana kuhusu hospitali tunaulizia daktari gani mzuri, bima inapokelewa au hapana, vitanda vipo au watoto wanalazwa wawili wawili, ila sijawahi kusikia mtu anauliza mwanangu atakuwa anafanya nini kutwa nzima pale wodini na anawaza nini. Jina la hospitali siliweki kwa sababu kuna mengine nitasema sio mazuri na wale watu wanajituma kweli, ila ni hospitali kubwa ya hapa mjini, wodi ya watoto ina chumba cha michezo na kuna dada amesomea malezi ya watoto anakuja jumatatu mpaka ijumaa. Hulipii chochote.

Kijana wangu ana miaka sita, alikuwa kwa bibi yake Tukuyu akaanguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika paja. Waliouguza paja la mtoto wanajua ile kazi, analala chali mguu umevutwa na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, hageuki, haendi chooni, anaangalia dari tu kwa wiki kadhaa mpaka mfupa uanze kushika ndo wamfunge hogo, ile plasta ngumu. Maumivu dawa zinatuliza. Kilichonitisha ni kwamba mtoto aliacha kuongea, huyu ambaye nyumbani tunambembeleza anyamaze, akaanza kujikojolea wakati alishaacha muda mrefu, na akiona koti jeupe linaingia mlangoni anajifunika blanketi usoni hata kama daktari anaenda kitanda kingine. Nesi mmoja mtu mzima akaniambia mama usimgombeze, mtoto akiogopa sana anarudi nyuma kiumri, atakaa sawa.

Sasa chumba chenyewe ni kizuri, kuta zimechorwa twiga na samaki, kuna mkeka, ludo, kalamu za rangi, vitabu vya hadithi, na dirisha kubwa upande wa mlima Loleza. Watoto wanaotembea wanaingia wanacheza na dripu zao mama anashika chupa kwa juu. Ila kwa mtoto aliyefungwa kitandani kile chumba ni hadithi tu, anasikia wenzake wanacheka ng'ambo ya ukuta. Siku za mwanzo hakuna aliyeniambia kwamba yule dada anafuata watoto vitandani pia, nilikuja kuambiwa na mama wa kitanda cha pili. Hapa naomba wahusika wanisikie, mzazi akipokelewa aambiwe siku ileile, kwa sababu mzazi mgeni hajui hata kama huduma kama hiyo ipo duniani na aliyetoka Chunya au Kyela amechoka hawezi kuanza kuulizia midoli.

Yule dada alipokuja alivuta kigoda akakaa usawa wa macho ya mtoto, hakuuliza "unaumwa wapi". Akamsalimia "ugonile" na mwanangu, ambaye kwa bibi yake ni Kinyakyusa tupu, akaitikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akatoa kwenye kikapu mdoli wa kitambaa, bandeji, bomba la sindano lisilo na sindano, akamwachia afanye anavyotaka. Mtoto akamfunga mdoli mguu wa kulia, uleule wake, akaning'iniza na chupa ya maji tupu kwa uzi. Dada akauliza taratibu, kwani huyu amefanyaje? Akajibu, "Bibi alimkataza kupanda, akapanda, Mungu akamvunja."

Jamani. Kumbe muda wote ule mtoto amelala pale anatumikia adhabu, kila sindano anaihesabu ni kiboko, ndo maana hata hakuwa analia. Dada hakushtuka wala hakuanza mahubiri, akamwambia mdoli (sio mtoto, mdoli) kwamba tawi lilikuwa limeoza ndo maana likakatika, hata mtoto mwenye adabu tawi bovu linamwangusha, na sindano ni za kuzuia maumivu. Baadaye akanieleza pembeni kwamba watoto wa umri huo wengi sana wanaamini ugonjwa ni adhabu na hawasemi mpaka wapewe kitu cha kusemea. Kwa hilo peke yake nawapa nyota tatu.

Nyota ya nne ni kwa namna wanavyoandaa mtoto kabla ya kumchoma. Hawamwambii "haiumi", wanamwambia itauma kidogo kama muda wa kuhesabu mpaka tano, unaruhusiwa kulia ila mkono usitikise, chagua unataka mkono gani. Anapewa mapovu ya sabuni apulize wakati nesi anatafuta mshipa, akipuliza anavuta pumzi ndefu na mwili unalegea. Wadogo zaidi wanapakatwa na mama kifua kwa kifua badala ya kulazwa chali watu wanne wamemkandamiza, na anayenyonya ananyonya hukohuko, inapunguza maumivu kweli. Na kwenye chumba cha michezo sindano marufuku, dawa marufuku, mtoto ajue kuna sehemu moja humu ndani hakuna anayemgusa.

Isipokuwa hiyo marufuku haishikwi. Siku moja wodi imejaa nesi wa zamu akaingia mulemule akambeba mtoto wa watu katikati ya ludo kwenda kumbadilishia kanula, kile kimrija cha dripu kinachokaa mkononi, na yule binti hakukanyaga tena kile chumba mpaka anaruhusiwa. Wauguzi wachache, watoto wengi, naelewa, lakini kumwita mama yake kwa mkono atoke naye mlangoni ingechukua dakika ngapi?

Lingine ni muda. Kinafungwa saa kumi jioni na wikiendi hakifunguliwi, wakati jioni wageni wakishaondoka na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita inaanza kupiga ndo watoto wanaanza kulia mmoja mmoja. Funguo ingebaki kwa nesi mkuu wa zamu. Na kina baba waruhusiwe, mume wangu ndo anamtuliza huyu mtoto kuliko mimi, ila ikifika jioni anatolewa kama wageni wengine.

Ila kuna kitu tunacho hatukithamini. Uingereza miaka ya hamsini huko mzazi hakuruhusiwa kukaa na mtoto wodini, anamwona kwa saa maalumu tu, mpaka mtafiti mmoja, James Robertson, alipotoa filamu mwaka 1952 ya mtoto wa miaka miwili anavyobadilika akiachwa peke yake hospitali, na mwaka 1959 kamati ya serikali yao ikapendekeza wazazi waruhusiwe. Sisi mama analala na mwanae kitanda kimoja tangu zamani. Kwa hiyo msingi upo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto nafasi ya michezo, haijasema isipokuwa akilazwa.

Mwanangu alitoka na hogo na yule mdoli, wanamwachia mtoto aende nao kwa sababu wa kitambaa haufai kuchangia, unabeba vijidudu.

Ukitaka kupeleka vitu pale pelekeni vya plastiki vinavyooshwa kwa sabuni, kalamu za rangi, madaftari yasiyo na mistari, karata na ludo. Shanga na vitu vidogo vidogo hapana, wadogo wanameza. Mwanjelwa vinapatikana kwa bei nzuri ukinunua kwa jumla. Mkabidhi nesi mkuu wa wodi asubuhi baada ya raundi ya madaktari, na muulize hapohapo ni watoto gani hawatoki kitandani ili uanze na wao.