Kigari cha fomula: tazama mbele kwanza, kati ya tairi

Mwanangu alipotimiza miaka tisa nilitoa elfu thelathini na tano kwenye duka moja hapa Arusha mjini, nikarudi na kigari cheusi ambacho boksi lake limeandikwa Formula 3, yaani magari ya mbio ya daraja la chini ya Formula 1. Akakisukuma mezani mara mbili, akakileta mpaka puani. "Mama, hizi tairi zinakataje kona?"

Nikatazama. Chuma kimoja kimekatiza wazi kutoka tairi ya kushoto hadi ya kulia, kama toroli la ndizi pale soko la Kilombero.

Mambo ya rangi na boksi siyagusi, macho unayo. Mimi ninakagua hapo mbele tu. Gari la mbio la kiti kimoja halina madigadi, kwa hiyo wishboni zake, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, ziko nje, nyembamba, juu na chini, na kila tairi imeshikwa kivyake. Ukipitisha chuma kimoja pale, umetengeneza mkokoteni.

Kwa watengenezaji wa vigari, namba moja ni Minichamps, na upendeleo ninao, wala sifichi. Ninayo Ralt RT3 yao ya kipimo cha 1:43, yaani ndogo mara 43 kuliko gari lenyewe, gari ambalo dereva Mbrazili Ayrton Senna alishindia mbio za Macau mwaka 1983, mwaka wa kwanza mbio zile kukimbiwa na Formula 3. Mwaka huohuo alikuwa ameshabeba ubingwa wa Formula 3 Uingereza kwa RT3, akisumbuliwa mpaka mwisho na mpinzani wake Martin Brundle, naye akiwa ndani ya RT3. Mwenye Ralt, Ron Tauranac, ndiye aliyekuwa akichora magari ya timu ya Brabham ya Formula 1 zamani. RT3 aliitengenezea njia za hewa chini ya mbavu: hewa ikipita kwa kasi, gari linavutwa chini, linang'ang'ania lami. Na hewa hiyo inaanzia mbele, inapenya katikati ya wishboni. Kwenye kigari changu nafasi ile ipo, unaweza kupitisha njiti ya kiberiti.

Spark wanafuata. Wishboni zao nyembamba kama uzi, ila bodi ni ya rezini, aina ya plastiki inayovunjika. Kikidondoka sakafuni, umekwisha. Bburago ni chuma, kigumu, mtoto atakichezea kweli, lakini vyao vingi ni vya Formula 1, si vya madaraja ya chini. Vya elfu tano vya machinga nunua ukitaka, Jumapili havifiki.

Sasa huyu muuzaji wangu. Nilirudi kumlalamikia, akanijibu, "Dada, hiyo orijino ya Ujerumani, angalia chini." Chini pameandikwa China. China si tatizo, hata Minichamps ya Aachen inatengenezewa huko. Nikamuuliza mbona bei ile. Dola imepanda, akasema. Nyumbani nikabandua kibandiko cha elfu thelathini na tano, nikakuta kingine chini yake: 12,000.