Diski haipimwi kwa kucha!
Hasira bado ninayo, mnisamehe. Juzi kati nimepeleka gari kubadilisha pedi za breki za mbele, zilikuwa zimeanza kulia. Fundi kavua tairi, katoa kalipa (kile kifaa kinachobana pedi), mi nikamwomba kitu kimoja tu, kaka kabla hujafunga pedi mpya nipimie unene wa diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Akapitisha kucha juu ya diski, "hizi bado nzima kabisa". Nikamwambia sawa ila nipimie. Akanigeukia mbele ya wateja wote: "Fundi ni wewe au mimi?"

Nikanyamaza. Yaani hilo ndo linaniuma mpaka leo, gari yangu, wanangu ndo wanapanda humo, halafu nikanyamaza.

Siku chache baadaye nateremka mlima gari imejaa, kila nikikanyaga breki pedali inadunda mguuni na usukani unatetemeka, nikashuka na gia ndogo roho iko mkononi.

Nikaenda kwa fundi mwingine. Kaanza na vania, kile kipimo cha kubana chenye taya mbili, ikasoma milimita 25.4, nikaona aah kumbe nimemlaumu mtu bure. Bado! Akanionyesha ule ukingo wa nje ambao pedi haifiki, haujalika, na vania ilikuwa imekaa hapo hapo. Akachukua maikromita, kipimo kingine cha unene, hiyo inaingia mpaka pale pedi inaposugua, akapima sehemu 8 kuzunguka diski: 23.3, kwingine 23.2, kwingine 23.4. Unene wenyewe haulingani, ndo maana pedali ilikuwa inadunda. Kisha akasugua kutu katikati ya diski kwa brashi ya waya, maandishi yakatokea, MIN TH 24 mm, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Diski ikishafika hapo ni ya kutupa, na zangu zilishapita! Hata kuchonga haiwezekani maana ukichonga ndo unazidi kuipunguza. Nikanunua mpya, zote mbili za mbele.

Niseme haki, yule wa kwanza pedi alifunga vizuri, pini za kalipa alizisafisha akapaka grisi, kelele ziliisha, na bei yake sikuwa na shida nayo. Nilikuwa nimeamua kumpa nyota 3, labda siku ile alikuwa amechoka tu. Lakini hapana, kupima ni dakika mbili jamani, na diski ikiwa nyembamba inashika moto haraka, inaweza kupasuka, na pistoni inayosukuma pedi inalazimika kutoka nje zaidi ya kawaida, haya mambo fundi wa breki anayajua.

Jana nimempigia nimtajie hivyo vipimo, nilidhani atasema pole. Ananiambia kama zilikuwa zimeisha mbona uliondoka nazo. Niliondoka nazo kwa sababu ulinifokea! Nyota 1, na gari yangu hataishika tena.