Swali la tisa lililosomwa mbele ya foleni

Nyota mbili, na zote ni za yule mama mshauri wa chumba cha ndani. Wale wa nje, chini ya mwarobaini, sina cha kuwapa.

Nazungumzia shirika lisilo la kiserikali linalotoa huduma ya afya ya akili mtaani kwetu. Siku moja kwa wiki wako kwenye zahanati, siku nyingine wanaweka kambi ya wazi. Huduma ni bure, fulana nzuri, bango kubwa. Juzijuzi nilimsindikiza jirani yangu, mama mtu mzima, kwenye kambi hiyo. Kila anayefika anapimwa kwanza kwa fomu ya maswali tisa, ile PHQ-9 ya kupima dalili za sonona: katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa mara ngapi na hili, na lile. Kila jibu lina alama, sufuri hadi tatu. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kwa utaratibu wao, ukifikisha 10 unapangiwa mazungumzo, ukifikisha 15 unaonana na muuguzi siku hiyohiyo.

Kijana mwenye kishkwambi hakutoa hata shikamoo. Viti viwili vya plastiki, foleni hatua mbili nyuma ya mgongo wa mama, na mjumbe wa nyumba kumi ameketi papo hapo na karatasi ya mahudhurio. Usingizi, hamu ya kula, uchovu, yote yalisomwa kwa sauti ya mnadani. Likafika la tisa, la mawazo kwamba heri ungekufa, au ya kujidhuru. Mama akainama, akasokota ncha ya kanga, akasema, "Ah, mwanangu, Mungu akinichukua nitapumzika."

"Kwa hiyo hapana, eeh? Mama, foleni ndefu." Akabonyeza sufuri. Jumla 14.

Hivi lile jibu ni hapana kwa Kiswahili cha wapi? Watu wetu ni wachache wanaotamka "nataka kujiua". Mtu anasema amechoka. Anasema heri alale asiamke. Anaanza kurudisha sufuria za watu alizoazima tangu mwaka juzi, anauliza wanawe watabaki na nani. Kwenye fomu hiyo ni moja kwa uchache, na 14 ukiongeza moja ni 15. Kidole cha kijana ndicho kilichomnyima mama muuguzi.

Na kwa swali hili jumla haina kazi. Hata mtu akiwa na alama tatu tu, la tisa likizidi sufuri fomu inawekwa chini. Unamhamisha pembeni, unakaa naye kwa kukingama badala ya uso kwa uso, mgongo wake ukiwa kwa watu. Unauliza waziwazi: mawazo haya yanakujia wakati gani, umepanga namna ya kufanya, umewahi kujaribu, nini kimekuzuia hadi leo, usiku nyumbani unakuwa na nani. Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akiwa na mpango, haachwi peke yake hata dakika moja. Dawa za shamba na za panya zinatolewa nyumbani, zinafungiwa kwa mtu mwingine. Anasindikizwa hadi kwa mganga wa zamu, hapewi kikaratasi aende mwenyewe. Kesho yake anatembelewa. Kesho yake, si wiki ijayo!

Hivi niandikavyo hasira imepanda tena, kwa hiyo niwe mkweli: kijana si katili. Mwenzake alinieleza bila haya. Ukiweka moja kwenye la tisa, programu inawaka nyekundu na kugoma kusonga mpaka msimamizi apigiwe na kuruhusu. Msimamizi hashiki simu. Posho nayo inahesabiwa kwa fomu zilizokamilika. Ukimpangia mtu kazi hivyo, sufuri utazipata nyingi, na ripoti kwa wafadhili itapendeza mno.

Halafu mjumbe pale anafanya nini? Kanuni ya Adhabu yetu ya Tanzania, Sura ya 16, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume na katiba. Huku kwetu bado. Nani atalijibu swali la tisa mbele ya kiongozi wa mtaa? Wale bibi wa Zimbabwe wanaotoa ushauri wa afya ya akili kwenye mabenchi, walioanza mtaa wa Mbare, Harare, mwaka 2006, nao hukaa nje na wateja wao, lakini benchi lao ni la watu wawili.

Mama mshauri wa ndani ni habari nyingine. Anafuata mtindo wa vikao vitano, kimoja kwa wiki, kama saa moja na nusu. Kwanza pumzi ya taratibu ya tumboni, mkono juu ya kitovu. Kisha matatizo yanatengwa, yanayotatulika huku, yasiyotatulika kule. Linachaguliwa moja, tuseme deni la kikoba. Zinatajwa njia zote, hata za kijinga. Inachaguliwa moja, inakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinapewa siku na saa: Jumatano saa nne, kumwona mweka hazina. Wiki inayofuata anaulizia hicho hicho, hakisahau. Nimeona watu wakitoka pale wanatembea tofauti. Kwa ajili yake niliandika nyota nne, nikakumbuka ile sufuri, nikazifuta mbili.

Basi nendeni, lakini siku ya zahanati, si ya kambi. Kabla ya swali la kwanza dai mlango ufungwe, na mwisho mwombe akusomee alichojaza.

Nilimfuata msimamizi jioni airekebishe ile 14. Akasema takwimu zimeshatumwa, haziguswi tena. Nikampeleka jirani yangu kwa muuguzi wa zahanati, akarudia maswali yote kwa kalamu, mlango umefungwa, sauti ya chini. La tisa, mbili. Jumla 16.