Dola 1,000 kwa kila mkondo: tunaipima ruzuku ya vitabu huria ya California

Bei ya vitabu vya kiada haichagui chuo. Anayesoma takwimu University of California, California State University (CSU) au chuo cha jamii hukutana na mzigo uleule dukani. Ndiyo maana mwaka 2012 jimbo la California lilipitisha sheria mbili kwa mpigo. SB 1052 iliunda baraza la wahadhiri 9, watatu kutoka kila mmoja wa mifumo hiyo mitatu ya vyuo, wapitie vitabu huria (vya bure mtandaoni, vyenye leseni ya kunakiliwa) vya masomo 50 yenye wanafunzi wengi. SB 1053 ilianzisha maktaba ya mtandaoni ya kuviweka, COOL4Ed. Pesa za kuvifikisha darasani zilikuja na sheria nyingine, AB 798 ya mwaka 2015. Maombi yake yamefungwa zamani, lakini muundo wake bado unafaa kuigwa.

Waombaji walikuwa kampasi za CSU na vyuo vya jamii. Hesabu yake haina mafumbo: dola 1,000 kwa kila mkondo wa somo (darasa moja la somo hilo katika muhula) unaobadili kitabu, mikondo isipungue 10 wala kuzidi 50, hivyo ruzuku ya kwanza inakomea dola 50,000. Kwanza seneti ya wahadhiri ipitishe azimio, halafu iidhinishe mpango ulioandaliwa pamoja na wanafunzi na uongozi. Gharama ya vitabu na vifaa ishuke kwa zaidi ya asilimia 30.

Kifungu tulichokipenda kuliko vyote ni cha makatazo. Mhadhiri halipwi kwa kukubali tu kitabu huria. Anaweza kulipwa kwa mafunzo. Vifaa vipya navyo havinunuliwi. Wanaojua jinsi ruzuku za vyuo zinavyogeuka kompyuta mpakato za wakubwa wataelewa kwa nini tunakisifu.

Pa kuangalia kwa makini ni ile asilimia 30. Chukua mkondo ambao kitabu chake ni dola 150. Kitabu huria ni bure kwenye skrini, nakala ya kuchapisha dola 40: ukihesabu kwa nakala ya karatasi, akiba ni 110 kati ya 150, yaani asilimia 73. Sasa mhadhiri akaongeza msimbo wa kuingilia mfumo wa mazoezi ya mtandaoni, dola 80. Gharama imefika 120, akiba imeporomoka hadi asilimia 20, na mkondo haufikii kiwango. Kitabu kimebadilika, mwanafunzi bado anakamuliwa. Kwa hiyo uliza kuhusu msimbo kabla ya kuuliza kuhusu kitabu.

Tatizo la pili ni leseni. Vitabu vingi vya OpenStax, mchapishaji wa vitabu huria, vilitolewa kwa leseni ya CC BY: nakili, badili, changanya, mradi umtaje mwandishi. Kitabu chao cha Calculus ni CC BY-NC-SA. Ukichota sura humo na kuichanganya na maandishi yako, kijitabu kinachozaliwa nacho kibebe masharti hayohayo, na hakiuzwi kibiashara. Idara isiyosoma ukurasa wa leseni huligundua hilo kazi ikiwa imekwisha. Lingine ni PDF zilizopigwa skani: programu ya kumsomea asiyeona haioni maneno pale, inaona picha. Kuzichapa upya ni kazi ya wiki kadhaa, basi iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Udhaifu mkubwa wa AB 798 ni kipimo chenyewe. Mkondo ni wa muhula na wa mhadhiri mmoja. Akipangiwa somo jingine, anayempokea anaweza kurudi kwa kitabu cha dukani na hakuna cha kumzuia. Ruzuku ya Zero-Textbook-Cost Degree, iliyoanza mwaka 2016 kwa dola milioni 5 kwa vyuo vya jamii pekee, ilipima kitu kikubwa zaidi: shahada au cheti kizima kisicho na gharama ya vitabu, hadi dola 200,000 kwa kila kimoja. Hapo somo moja likirudi nyuma, njia nzima inakatika, na idara zinalazimika kukaa meza moja. Mwaka 2021 jimbo likaiongezea dola milioni 115.

Kwa anayebuni mpango kama huu kwingine, tungechukua malipo kwa mkondo ya AB 798 lakini tukazuia sehemu ya mwisho, tuseme dola 300 kati ya 1,000, hadi kitabu huria kionekane kwenye orodha ya duka la chuo muhula wa tatu, yeyote awe anafundisha.